Kuziba mwanya kati ya madigadi na bodi ya trela ya kambi

Mtu anayejijengea trela ya kambi hapa Nairobi, iwe ni katika ua wa nyumba yake Ruai au kwenye karakana ya kukodi Kariobangi, kwa kawaida huhangaikia paa, madirisha na mlango, kwa kuwa hapo ndipo anapotarajia mvua iingie. Mvua ya paa, hata ile ya Aprili, huanguka kwa uzito wake tu na kufuata mteremko. Maji yanayorushwa na gurudumu lililo mwendoni yana tabia nyingine: hupiga kutoka chini kwenda juu, hubeba mchanga na matope, na hupiga pale pale safari nzima. Mahali hapo ni pale madigadi inapokutana na ukuta wa bodi. Mwanya wa milimita mbili tu unatosha kuyaingiza, maana maji hupanda yenyewe katika nafasi nyembamba na kukaa humo hata baada ya barabara kukauka.

Mwongozo huu unahusu trela ndogo yenye ukuta wa plaiwudi, uliopakwa rangi au kuvikwa bati la alumini, na madigadi zilizokaa ubavuni mwake. Ningependa msomaji ashike mambo mawili tangu mwanzo. La kwanza ni kwamba mwanya huu huzibwa juu, mbele na nyuma, na huachwa wazi chini. La pili ni kwamba kizibo chake lazima kiwe laini, kwa sababu madigadi na bodi hazitikisiki kwa namna moja. Mwanya ukifungwa pande zote kwa kitu kigumu, kitu hicho kitapasuka, na maji yatakayopenya kwenye ufa yatakosa pa kutokea. Yatakaa nyuma ya madigadi yakiozesha ukuta bila mtu kuona.

Chunguza madigadi imeshikwa na nini

Kabla ya kununua chochote, lala chini ya trela utazame. Madigadi zinazotengenezwa na mafundi wetu wa jua kali hushikwa kwa njia mbili. Kuna zile zinazochomelewa au kufungwa kwa bolti kwenye fremu ya chuma, zikisimama karibu na ukuta bila kuushikilia. Na kuna zile zenye ukingo uliokunjwa, ambazo hufungwa moja kwa moja kwenye ukuta wa bodi kwa bolti au riveti. Tofauti hii ndiyo inayoamua kazi yote inayofuata. Madigadi ya fremu hufuata mtikisiko wa chuma, ilhali bodi ya mbao hujipinda kwa namna yake, na katika barabara mbovu mwanya huweza kufunguka na kujifunga kwa milimita kadhaa. Madigadi ya ukutani hutembea pamoja na bodi, lakini hata hiyo hurefuka na kufupika kwa joto: ukingo wa alumini wenye urefu wa mita 1.5 hurefuka kwa karibu milimita 1.4 joto lake likipanda kwa nyuzi 40 za selsiasi, na bati la rangi nyeusi linaloanikwa juani baada ya usiku wa baridi hufikia kiasi hicho bila shida. Chuma hurefuka kwa karibu nusu ya hapo.

Mwombe mwenzako aitikise trela kwa nguvu huku wewe umeweka kidole juu ya mwanya, nusu kwenye madigadi na nusu kwenye ukuta. Ukihisi pande hizo mbili zikisugua kidole kwa mwendo tofauti, basi hiyo ni kazi ya mpira wa kubanwa, na gundi yoyote utakayoipaka itang'oka mapema.

Pima pia nafasi kati ya tairi na madigadi wakati trela imebeba mzigo wake wote wa safari: godoro, mapipa ya maji, mtungi wa gesi na sanduku la vyombo. Ikiwa tairi hugusa madigadi kila unapopita tuta, hakuna kizibo kitakachodumu, na suala la springi au la urefu wa madigadi litatuliwe kwanza.

Ukuta ulio nyuma ya madigadi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko popote pengine, kwa sababu kila kizibo kitaachia siku moja, na siku hiyo ukuta utabaki ukijilinda wenyewe. Ondoa madigadi kabisa. Kuisukuma silanti, yaani gundi laini ya kuziba inayotoka kwenye mrija, ndani ya mwanya wakati madigadi iko mahali pake ni kupaka juu juu. Haifiki panapohitajika, na vumbi lililomo ndani huizuia kushika.

Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi hapa mjini huuza mbao zinazojulikana kama marini bodi, zenye uso wa kahawia au mweusi unaong'aa, na wajenzi wengi wa trela huzichagua kwa kuamini kwamba haziwezi kudhuriwa na maji. Mbao hizo hutengenezwa kwa ajili ya kushikilia zege linapomwagwa. Uso wake hustahimili maji vizuri, lakini kingo zake zikishakatwa kwa msumeno hunywa maji sawa na plaiwudi nyingine yoyote, na uso huo wenyewe ni laini mno kiasi kwamba rangi na silanti hubanduka juu yake. Kwa hiyo, sehemu yote itakayofunikwa na madigadi, na sentimita tano zaidi kuizunguka, isuguliwe kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao uishe, kisha namba 120, kisha vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu na hatimaye kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Plaiwudi ya kawaida nayo isuguliwe vivyo hivyo, ingawa kwa msasa mwembamba zaidi.

Kingo zote zilizo wazi, hasa ule wa chini wa ukuta na ule unaozunguka nafasi ya gurudumu ikiwa ukuta umekatwa hapo, zipakwe epoksi nyepesi, ile gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa na kuwa ngumu. Ipake kwa brashi, iache inywewe na mbao, na mara inapoanza kunata upake mkono wa pili. Ukingo wa plaiwudi huwa na kiu kubwa, na mara nyingi huhitaji mkono wa tatu kabla ya kuanza kung'aa. Asiyeweza kumudu epoksi anaweza kutumia rangi ya mafuta, mkono wa kwanza ukiwa umechanganywa na tapentaini ili upenye, ingawa ulinzi wake ni mdogo na utahitaji kurudiwa.

Matundu ya bolti ndiyo mlango mkuu wa maji, na kuna njia ya kuyatibu ambayo huchukua jioni moja tu na kuokoa ukuta kwa miaka. Ikiwa bolti ni ya milimita 6, toboa tundu la milimita 10. Ziba upande wa ndani kwa tepu, kisha ujaze tundu hilo epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao mpaka iwe nzito. Ikishakuwa ngumu kabisa, toboa tena katikati yake tundu la milimita 6.5. Sasa bolti inapita ndani ya bomba la epoksi bila kugusa mbao, na hata maji yakifuata uzi wa bolti hayatapata nyuzi za mbao za kuyanywa.

Malizia kwa praima na mikono miwili ya rangi, kisha usubiri. Rangi ya mafuta huonekana kavu siku inayofuata, lakini chini yake bado ni laini, na katika baridi ya Julai inaweza kuhitaji wiki nzima. Silanti inayopakwa juu ya rangi mbichi huishika rangi hiyo, kisha rangi yenyewe huachia mbao.

Neno moja kuhusu lami. Watu wengi hupaka lami ya magari upande wa chini wa madigadi ili kupunguza kelele za kokoto na kuzuia kutu, na ninaunga mkono jambo hilo. Hata hivyo, ukingo utakaoegemea ukuta ufunikwe kwa tepu ya karatasi kabla ya kupaka lami, kwa sababu silanti haishiki juu ya lami.

Kizibo cha kutumia

Ukimweleza muuza duka kwamba unataka kuzuia maji, yamkini atakupa mrija wa silikoni ya bafuni iliyo rahisi kwa bei. Silikoni hiyo hutoa harufu kama ya siki inapokauka, kwa kuwa hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo hula chuma kitupu na bati la zinki. Zaidi ya hayo, rangi haishiki juu ya silikoni, na silanti mpya haishiki juu ya mabaki yake, hivyo siku ya kurekebisha utalazimika kuikwangua yote kwa kisu na msasa. Itumie bafuni.

Kwa madigadi iliyofungwa ukutani, vinavyofaa ni viwili. Cha kwanza ni silanti ya poliyurethani, ya aina inayotumiwa kwenye maungio ya bodi za magari na malori. Hukomaa kwa kunyonya unyevu wa hewani, kwa kasi ya takriban milimita 3 kwa saa 24, kisha hubaki kama mpira mgumu kiasi, na inapakika rangi. Tazama tarehe ya mwisho iliyochapishwa kwenye mrija na uuminye kwa vidole ukiwa bado dukani. Mrija uliokaa sana huwa umeanza kuwa mgumu ndani. Mrija wa mililita 300 hutoa mstari wa milimita 6 kwa 6 wenye urefu wa zaidi ya mita 8, kwa hiyo mmoja unatosha madigadi mbili za trela ndogo. Cha pili ni tepu ya butili, ambayo haikauki kamwe, hubaki ikinata na kuvutika, na huweza kufunguliwa baadaye bila kuharibu chochote. Binafsi huichagua tepu ya butili kwa mtu anayejenga kwa mara ya kwanza, kwa sababu haimkimbizi: akikosea mpangilio wa bolti anafungua na kuanza upya, jambo ambalo poliyurethani haimruhusu.

Kwa madigadi ya fremu, unahitaji mpira. Mpira wa EPDM, aina inayotumiwa kwenye milango ya magari, hustahimili jua kuliko mipira mingi, na jua la mji ulio karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, si la kudharauliwa. Uulize katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, na uchague ule wenye umbo la bomba au la herufi D, ambao hujikunja ndani kwa ndani unapobanwa. Sponji nayo inafaa mradi vitundu vyake viwe vimefungika. Ijaribu kwa kutumbukiza kipande ndani ya maji, kukiminya humo mara kadhaa na kukitoa. Kikidondosha maji unapokikamua, hicho ni cha godoro na kitashikilia unyevu dhidi ya ukuta wako.

Povu la kupuliza, lile linaloumuka, liachwe kabisa. Jua hulila, hupasuka kwa mtikisiko, na hujaza hata ile sehemu ya chini ambayo maji yalipaswa kutokea.

Kufunga madigadi ya ukutani

Chagua asubuhi, baada ya umande kukauka na kabla bati halijapata moto, au ufanye kazi kivulini. Ishikilie madigadi mahali pake bila kizibo, kaza bolti zote kwa mkono, na uchore mstari wa penseli kuizunguka. Angalia kama ukingo umelala vizuri. Pakiwa na uwazi unaozidi milimita 3 au 4 hivi, nyoosha ukingo kwa nyundo na kipande cha mbao, kwa kuwa silanti haikukusudiwa kusahihisha kazi ya nyundo. Bolti ziwe umbali wa milimita 100 hadi 150 kutoka moja hadi nyingine. Zikiachana zaidi, bati hujikunja katikati na kufungua mdomo.

Ondoa tena madigadi. Bandika tepu ya karatasi nje ya mstari wa penseli, upande wa ukuta, ili usipake silanti mahali pasipohitajika. Safisha ukingo wa madigadi kwa spiriti na uache ikauke kabisa, kwa sababu spiriti iliyobaki huzuia poliyurethani kukomaa. Vaa glavu, na kama uko ndani ya karakana fungua milango.

Ukitumia tepu ya butili, ibandike kwenye ukingo wa madigadi ukianzia sentimita 3 hadi 5 kabla ya ncha ya nyuma, upite juu, ushuke mbele na kukomea umbali huo huo, ukizungushia kila tundu la bolti. Usiivute, kwa kuwa ikivutwa itarudi nyuma na kuacha pengo. Ukitumia poliyurethani, kata ncha ya mrija kwa mshazari na uchore mstari mmoja usiokatika upande wa ndani wa matundu na mwingine upande wa nje, pamoja na duara kuzunguka kila tundu.

Pachika madigadi kwa mnyoosho mmoja, bila kuiburuta. Ingiza bolti ya katikati juu kwanza, kisha ufuatane kushoto na kulia ukishuka. Ndani ya trela tumia washa pana, kwa maana nati inayokaa moja kwa moja juu ya plaiwudi huzama ndani yake. Kisha ukaze kwa hatua, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika kwa nguvu nyingi: kaza mpaka silanti ianze kujitokeza ukingoni kwa usawa, usimame. Silanti ikikamuliwa yote, kunabaki ngozi nyembamba isiyoweza kunyumbuka. Acha unene wa karibu milimita 2. Iliyojitokeza juu ilainishe kwa kidole chenye glavu ili ifanye mteremko mdogo, usitumie spiriti kuilainisha, na ubandue tepu ya karatasi kabla uso haujaanza kufanya ngozi. Baada ya siku mbili au tatu, silanti ikishakomaa, ongeza robo ya mzunguko kwenye kila nati. Kwa butili, ongeza robo hiyo siku inayofuata na tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu butili huendelea kujisambaza chini ya mkazo, kisha ukate iliyojitokeza kwa kisu.

Kufunga madigadi ya fremu

Pima mwanya katika sehemu tano au sita, kwa kuwa mara chache huwa sawa kote. Chagua mpira ambao katika hali yake ya kawaida una unene wa mara moja na nusu ya mwanya, ili ubanwe kwa karibu theluthi moja. Ukibanwa kidogo kuliko hapo utaachia mtikisiko ukija. Ukibanwa zaidi utachoka na kubaki bapa. Uushikilie upande mmoja tu, ama kwa gundi yake ama kwa klipu zilizomo ndani ya ukingo wake, na upande wa pili uegemee bila kushikwa. Kushikwa upande mmoja ndiko kunakouwezesha kusogea bila kuraruka. Ningeushikilia kwenye madigadi, ili uondoke pamoja nayo unapohitaji kuosha ukuta.

Ikiwa mwanya ni mwembamba, milimita 2 au 3, kuna njia ya zamani iliyotumika kwenye Volkswagen Beetle, ambayo madigadi zake zilifungwa kwa bolti na kati yake na bodi kuwekwa utepe wa mpira wenye kichwa cha mviringo upande wa nje. Utepe wa namna hiyo unaweza kuutengeneza kwa tyubu kuukuu ya lori kutoka kwa fundi wa pancha. Kata kipande cha upana wa milimita 50, kikunje mara mbili juu ya kamba ya nailoni ya milimita 5, na ukigandishe kwa gundi ya pancha baada ya kukikwaruza. Kamba hukaa nje ikifunika mwanya, na mkia hubanwa ndani. Mkia ukatwe pembe tatu ndogo kila sentimita mbili au tatu ili ufuate mviringo wa madigadi bila kujikunja. Tyubu nyingi ni za butili, nazo huvumilia maji vyema, ingawa jua litazichosha mapema kuliko EPDM.

Sehemu ya chini

Popote madigadi inapoishia, mbele na nyuma, acha sentimita 3 hadi 5 za mwisho bila kizibo. Ikiwa ukingo wake umejikunja na kufanya mfereji, toboa tundu la milimita 8 mahali palipo chini kabisa na upake rangi kingo za tundu hilo. Wakazi wa Kitengela na Kajiado wanaujua udongo mweusi unaojishikilia kwenye gurudumu. Udongo huo hujaza mifereji ya namna hii na kukauka ukiwa mgumu, kwa hiyo tundu liwe mahali ambapo kijiti kinaweza kufika.

Kujaribu

Usiku, weka taa kali ndani ya nafasi ya gurudumu na uingie ndani ya trela ukiwa umezima taa zote. Mwanga wowote unaouona ni njia ya maji, na ni njia ya vumbi pia. Kisha, silanti ikishakomaa, mwagilia maji kwa mpira wa bustani kutoka chini ya madigadi kwenda juu, ukianza chini kabisa na kupanda polepole, dakika chache kila mahali, huku mtu wa ndani akipitisha karatasi ya shashi kwenye maungio. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Jaribio la mwisho ni barabara ya vumbi yenyewe: trela inayokwenda hunyonya hewa kupitia kila kitundu, na vumbi huacha alama ya rangi ya udongo pale linapoingia. Ukirudi, fungua mlango utazame kabla ya kufagia.

Baada ya hapo

Kagua mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari kabla ya masika na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Minya kizibo kwa kidole, jaribu nati kwa spana, na uzibue matundu ya chini. Ukitoka Magadi, osha madigadi kwa maji mengi siku hiyo hiyo, maana magadi ya huko hula alumini. Na kama bolti zako ni za chuma kwenye madigadi ya alumini, ziwe na washa za plastiki au mpira katikati, kwa sababu metali mbili tofauti zinazolowa pamoja huozeshana. Kizibo kikianza kuachia mahali pamoja, usipake kingine juu yake. Fungua bolti za sehemu hiyo na mbili za kila upande, kwangua mpaka kwenye rangi, tazama kama mbao bado ni ngumu kwa kuichoma kwa ncha ya bisibisi, kisha urudie kazi kuanzia kwenye msasa.